Chumba cha Nyuma, Makorora

Siku niliyopigiwa simu na kliniki nilikuwa Makorora, kwenye nyumba ya marehemu bibi, mzaa mama yangu. Tangu nitolewe damu sikuwa na utulivu popote, nikaona heri nikangojee majibu pale. Hofu yangu, rafiki yangu, ilizaliwa humo.

Kipimo chenyewe si cha kutisha, ngoja nikueleze. Mimba ikiwa changa, kondo la nyuma huingiza homoni na protini fulani kwenye damu ya mama. Hupimwa hizo, zikaunganishwa na umri wa mama na picha ya shingo ya mtoto, ndipo hukadiriwa kama huenda mtoto ana kromosomu ya ziada, yaani kifungu cha urithi kilichozidi katika chembe za mwili wake.

"Hii siyo hukumu, dada," nesi aliniambia akinikandamizia pamba mkononi. "Inasema uwezekano ni mdogo au mkubwa, basi. Uhakika una kipimo chake."

Mama yangu mdogo alizaliwa na ziada hiyo, ingawa nyumbani hakuna aliyeijua kwa jina. Macho yake yalipanda kidogo pembeni, ulimi mzito, kicheko chepesi. Kazi yake ilikuwa nazi. Alikalia mbuzi asubuhi, akikuna polepole, krr, krr, nasi watoto tukigombea maji ya nazi miguuni pake. Bibi alikuwa akisema hajaona mkono unaotoa nazi nyeupe vile. Vitumbua vyetu vilinukia iliki mpaka nyumba ya tatu.

Kisha mlangoni: "Hodi! Wenyewe mpo?"

Mbuzi hunyamaza. Bibi huchungulia kwanza, na akiwa ni jirani mwenye mimba, hunigeukia akinong'ona, "Mpeleke ndani mwenzio, mama. Hima!" Wajawazito wa mtaani waliamini kwamba wakimtazama mama mdogo watazaa mfano wake. Aliyemwona kwa bahati mbaya alijitemea mate kifuani, palepale mbele yake. Bibi hakuweza kuyavumilia mate yale.

Tulijifungia chumba cha nyuma, mimi nimemziba mdomo kwa kiganja, moyo ukinidunda kama tumeiba. Yeye alidhani tunacheza. Aliuondoa mkono wangu taratibu, akauliza, "Keshakwenda? N'taka kumuona mtoto."

Hakuwahi kuonyeshwa hata mmoja. Moyo wake ulikuwa dhaifu tangu utotoni, ukamshinda mapema. Bibi akafuata. Leo jiko halina harufu, na mbuzi ya kukunia imebaki chuma chenye kutu.

Simu ikalia. "Uwezekano umekuja mkubwa, dada," nesi alisema kwa upole. "Bado si uhakika. Njoo tuzungumze, uje na mwenzio."

Nilikaa chini sakafuni. Sikujua namuogopea mtoto, au nauogopa mtaa.

Mara sauti ya jirani mlangoni, ajuza sasa, mmoja wa wale waliokuwa wakijitemea mate: "We mwana we, unaingia kimyakimya kama mwizi! Na hiyo sura, una mimba nini? Hodi! Wenyewe mpo?"

Miguu ikataka kunipeleka chumba cha nyuma. Nikatazama. Mlango wake ulikwisha kuliwa na mchwa zamani, umebaki uwazi mtupu, jua limejaa mle ndani.

Nikashika tumbo.

"Tupo," nikaitikia. "Shikamoo. Karibu."