Njia ya Mihogo na Njia ya Maduara

Daktari wa kliniki ya sukari alinipa miezi mitatu. Alisema kwa upole, kichwa chake kikiwa kwenye karatasi, kwamba nisipopunguza mwili na kipimo kisiposhuka, tutaanza sindano. Mimi sikusikia sindano. Nilisikia mguu wa mama yangu. Mama alificha kidonda cha kidole ndani ya soksi kwa aibu, hakumwambia mtu, mpaka harufu ikamsema. Wakamkata mguu chini ya goti, na mwaka haukuisha tukamzika kule Nyasubi, Kahama, nilikozaliwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilipokwenda Katoro kununua vitambaa, nikanunua na raba za mtumba, za bluu, moja ikiwa imechakaa kuliko mwenzake. Nikamwambia mume wangu kwamba nitakuwa nakimbia asubuhi. Aliniuliza nani ananifukuza. Nilimweleza habari ya daktari, nikamkataza kumwambia mtu mwingine yeyote, naye akaacha utani siku mbili nzima, jambo lililonitisha kuliko daktari mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa. Nimekaa miaka ishirini kwenye kibaraza kimoja, senta yetu ikiongezeka nyumba mbele yangu nami nikiongezeka kiuno. Senta iko kati ya Ziwa Victoria na vilima ambavyo watu wamevichimba dhahabu tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo mtu anayetaka kukimbia ana njia mbili tu: ashuke ziwani au apande machimboni. Nilichagua kushuka, kwa sababu za wazi.

Njia ya ziwani niliiita njia ya mihogo. Inaanzia nyuma ya mashine ya kusaga, inapita katikati ya mashamba ya mihogo, inakata majaruba ya mpunga juu ya kingo nyembamba ambazo fundi mnene hana budi kuziheshimu, halafu inafika mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotua, ambako wanawake wanaanika dagaa. Upepo wa ziwa unakupokea usoni na harufu yake yote. Wiki ya kwanza nilitembea zaidi ya kukimbia, nikitweta, nikiwa nimevaa trakisuti na juu yake gauni la kitenge ili nisiwape watu kazi ya kusema. Walisema hivyo hivyo. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Mwanamke mmoja aliacha jembe shambani akanikimbilia akiuliza nyumba ya nani imeungua.

Lakini mtu aliyenikwamisha hasa alikuwa bibi mmoja, ambaye nyumba yake ipo ukingoni mwa njia, karibu kabisa na mwalo. Kila asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akimenya mihogo. Usukumani mkubwa hapitwi. Unasimama, unapiga goti, unaamkia, na salamu yenyewe si neno moja: Kiswahili kwanza, kisha mwangaluka, ile ya asubuhi ya Kisukuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanone," yaani mwanangu. "Mwangaluka."

"Mwangaluka, bibi."

"Wa kwako wameamkaje? Mume? Watoto? Ng'ombe?"

Nikamwambia sina ng'ombe, nina vyerehani vitatu. Tangu siku hiyo akawa anauliza vyerehani vimeamkaje, na kile kilichokuwa kinakata uzi kimepona au bado. Kisha nami namuuliza ya kwake: wajukuu, mihogo, mvua, mbuzi mwenye mimba. Simu yangu ilikuwa na programu ya kupima mwendo, nayo haijui salamu. Ilihesabu dakika nne nikiwa nimepiga goti, magoti yakilia, jasho likipoa mgongoni. Nikisimama mwili umeganda, naanza upya.

Nilivumilia miezi miwili na nusu. Nilipungua kweli, magauni yangu nikayabana mwenyewe mara mbili. Lakini zilipobaki siku kumi kabla ya kipimo, hofu ikaniingia. Nilijiambia kwamba hizo dakika nne ndizo zitakazonipeleka kwenye sindano. Nikamkasirikia bibi wa watu kana kwamba yeye ndiye kaniwekea sukari kwenye damu. Asubuhi moja nilifika kwenye mashine ya kusaga, na badala ya kushuka nikageuka, nikapanda vilimani.

Njia hiyo niliiita njia ya maduara, kwa sababu ya yale mashimo ya zamani ya wachimbaji. Ni njia nzuri, pana, na ukifika juu unaliona ziwa lote, jeupe kama shuka lililoanikwa. Hakuna wa kumwamkia, labda mwewe. Siku ya tatu, hata hivyo, nilisikia vishindo nyuma yangu. Wanaume wawili walikuwa wananifuata mbio, mmoja ana sururu begani, mwingine ana karai. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nilipochoka nikasimama niwaulize wanataka nini.

"Mama, usituache," alisema mwenye sururu, akihema. "Rashi iko wapi?"

Rashi ndiyo lugha ya machimboni. Dhahabu ikitokea mahali, habari inavuja, na watu wanakimbilia huko kabla mwamba haujagawanywa. Walinikuta siku tatu mfululizo nikipanda mbio alfajiri kuelekea maduara, wakaamua ninajua kitu. Niliwaambia nakimbia kwa ajili ya afya. Walitazamana. Mwenye karai akaniambia kwa heshima kwamba kila mtu ana siri yake, ila nikikumbuka wenzangu Mungu atanilipa. Kesho yake walikuwa wanne.

Niliendelea hivyo siku nane, bila dakika hata moja ya kupiga goti. Simu ilinisifu. Sikumfikiria bibi sana. Nilimfikiria kidogo, siku ya tano, nikajiambia nitampitia nikishapimwa.

Jumamosi, kipimo kikiwa Jumatatu, nilirudi mapema, nikakaa uani nafungua raba. Nikasikia kilio. Kilikuwa kilio cha wanawake wengi, kikitoka upande wa mashine ya kusaga, kile kilio cha kwenda kwenye msiba ambacho kila mtu anakijua. Mume wangu alitoka ndani na mswaki mdomoni akauliza ni nani. Sikujua. Kwetu kilio hakingojwi, basi nikajitupia khanga kichwani, nikatoka barabarani kuwapokea.

Walikuwa wanawake kama kumi na wawili. Wamebeba mafungu ya kuni, ndoo za maji, na unga kwenye beseni. Nikaingia katikati yao kama inavyotakiwa, nikamshika bega mmoja aliyekuwa analia sana, nikamuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

"Ni yule fundi," alisema, hajanitazama. "Yule mnene aliyekuwa anakimbia. Alikonda, akakonda, sasa amekwisha."

Hebu fikiria wewe ungejibu nini. Nilitembea nao hatua kadhaa, kwa aibu tu, nikielekea kwenye msiba wangu, mpaka tukafika kwenye geti letu na mume wangu akasimama pale na povu la dawa mdomoni. Hapo ndipo nikavua khanga kichwani.

Kilio kilikatika. Mmoja aliangusha kuni. Kutoka nyuma yao akajitokeza bibi, akichechemea, ameshikilia fimbo. Aliniangalia usoni, akaniangalia miguuni kwenye raba zilizofunguka, akakaa chini palepale vumbini.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai, bibi. Shikamoo."

Hakuitikia. Alisema nilipita kila siku, hata siku ya mvua, kisha nikatoweka siku nane. Aliona nilivyokuwa naisha mwili. Sasa yeye angefikiri nini? Nikamuuliza kwa nini hakutuma mtu aulize kwanza.

"Msiba hauulizwi," alisema kwa ukali. "Unaenda. Ukiukosa, unarudi na kuni zako."

Hata hivyo kuni hazikurudi. Zilikwisha kutuliwa, kwa hiyo wakasonga ugali uani kwetu, mume wangu akaenda kununua dagaa, na watu waliokuja kunizika wakala na mimi. Bibi alinikalisha kando yake akaniuliza ni kitu gani hasa ninakikimbia. Nilitaka kumwambia ni mazoezi. Badala yake nikamwambia yote: sukari, soksi ya mama, mguu, na kwamba ninaogopa kufa, ninaogopa kila siku, hata nikiwa natia uzi kwenye sindano. Niliyasema mbele ya wanawake wote wale, mimi ambaye nilimfunga mume wangu mdomo.

Bibi hakusema pole. Alivua ndala yake ya kushoto, akafungua kitambaa alichokuwa amefunga mguuni. Vidole vilibaki vitatu.

"Cha kwanza kilikwenda mwaka ule wa ukame," alisema. "Cha pili juzi juzi tu. Ndiyo maana nakaa pale mlangoni. Siendi mbali."

Kutoka kwake hadi kwetu ni zaidi ya kilomita tatu, na alizitembea kwa mguu ule, akilia, kwa ajili yangu. Nilijiona mdogo kuliko punje ya mtama, na nilistahili.

Jumatatu kliniki walikuta kipimo kimeshuka kidogo, na daktari akaniongezea miezi mingine mitatu bila sindano. Nilifurahi. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ileile Jumamosi, jinsi tulivyomrudisha bibi. Nilimwitia bodaboda. Alikubali kupanda kwa sharti kwamba na mimi niende, na kwa kuwa pikipiki ni moja na ameishika fimbo yake kwa upana, nikafunga raba nikakimbia pembeni. Alimwamuru dereva aende taratibu nisiachwe.

Asubuhi ile walikuwa wamepita njia nzima wakilia, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa inangoja habari za mazishi. Watu walitoka hadi njiani. Bibi alimgonga dereva begani kwenye kila nyumba, pikipiki ikasimama, akaninyooshea fimbo.

"Huyu hapa. Mzima."

Nyumba ya kwanza nilicheka. Ya pili niliona haya. Kufika ya nne nilikuwa nakimbia huku nalia, kamasi na jasho vikiwa kitu kimoja, na wala sikuficha. Kwenye jaruba la mwisho kabla ya mwalo, mama mmoja alisimama na jembe lake, akauliza tunazika saa ngapi.

"Hatuziki," bibi alimwambia. "Kesho atapita hapa, utamwona."