Kamera Isiyosikika

Ukitaka kumjua Dama Chome, usiulize habari za studio yake pale Ukunda, ambako hupiga picha za pasipoti na za watoto wanaolia. Waulize wanawake. Kutoka Waa mpaka Msambweni, siku ya kupamba, wanawake wanapojifungia ukumbini na bibi harusi wao, mlangoni hukaa mtu akapokea simu za wageni moja moja na kuzitia kapuni, hata ya yule nyanya asiyejua kupiga picha, anayejua kupokea tu. Ndani mabuibui huvuliwa, nywele huachiwa, viuno hukatwa. Na kamera inayoruhusiwa ni moja tu, ya Dama. Kwa miaka kumi na saba hakuna picha yake hata moja iliyoonekana pasipostahili. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Za harusini anazijua Dama, na Dama hasemi.

Kamera yake ya miaka hiyo yote ilikuwa nzito kama tofali. Ndani yake mlikuwa na kioo ambacho kila akibonyeza kiliruka juu na kushuka, chaka! Wanawake walikuwa wameizoea sauti ile. Asiyetaka kupigwa akiisikia huvuta mtandio, au humpigia kelele, "We Dama! Mimi usinipige!" na Dama hucheka, akaifuta picha. Hakuna aliyekaa akalifikiria jambo hilo, hata Dama mwenyewe.

Basi Alhamisi moja akarudi kutoka Mombasa na kamera mpya, hizi za siku hizi zisizokuwa na kioo ndani. Jamani, kipya kinyemi ingawa kidonda! Usiku huo mumewe, Mbarak, alipigwa picha akila, akiswali sunna, akitafuta kiatu. Dama hakuamini wepesi wake. Hakuamini kwamba unaiona picha kama itakavyotoka kabla hujaibonyeza, wala kile kijisanduku cha kijani cha kwenye skrini kinachomkimbilia mtu jichoni kikaganda hapo hapo, hata akigeuka. Na kimya! Alibonyeza mara tatu akidhani imeharibika, kumbe tatu zote zimo.

"Hii ya wezi," Mbarak akasema, akicheka.

"Wezi watakuwa nyinyi wanaume," Dama akamjibu.

Jumamosi akaenda nayo Waa, kwa Bi Kibibi, aliyekuwa akimuoza bintiye Nusra. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Na mle ndani, nisikufiche, Dama alilewa. Si kwa kinywaji, kwa kamera. Alikuwa akipita katikati ya watu na hakuna aliyegeuka. Mwanamke ananyonyesha, anampiga. Wawili wananong'onezana juu ya mavazi ya wifi yao, anawapiga. Nyuso zilikuwa wazi kama za watu walio peke yao, na Dama aliona kwamba hatimaye amekuwa mpiga picha hasa.

Kisha akamwona Fauzia.

Fauzia ni shoga yake tangu chuoni, walipokuwa wakigombea ubao mmoja wa kuandikia aya. Tangu mfungo wa Ramadhani alikuwa akienda hospitali, na dawa zilikuwa zimemmaliza nywele zote. Waliojua walikuwa watu wanne tu, na Dama ni mmoja wao. Fauzia alikuwa amecheza chakacha kama mzima, jasho likamshinda. Akaenda pembeni penye dirisha, akawapa watu mgongo, akavua mtandio mara moja tu ili ajipanguse kichwa. Mwanga wa dirishani ukamwangukia kichwani na shingoni, na jicho moja likaonekana limefumbwa kwa uchovu. Kijisanduku cha kijani kikamrukia.

Dama alijua. Hapa ndipo panapomuuma mpaka leo, kwa sababu hawezi kusema kwamba hakujua. Kwa ile ya zamani asingethubutu, kwani chaka! moja tu na Fauzia angegeuka. Alibonyeza kwa kuwa hapakuwa na wa kusikia. Akabonyeza tena. Fauzia akajitanda, akarudi kucheza.

Saa kumi hivi Bi Kibibi akaja na mikono kiunoni, utani mwingi. "Mwanangu, mbona leo umekuja kula tu? Tangu saa nane sijasikia hata chaka moja!"

Wanawake wakaangua kicheko. "Amezeeka huyo!" mmoja akasema. Na mdomo ndio ulioponza kichwa. Dama, mwenye kamera mpya na kiburi kipya, akajibu kwa sauti ya ukumbi mzima, "Nyinyi chekeni tu. Nimeshapiga mia nne na zaidi!"

"Mia nne? Saa ngapi?"

"Haina sauti hii. Tazameni wenyewe!" Akawapa.

Kamera ikaenda mkono kwa mkono. Kwanza walicheka. Kisha mmoja akasema, "Aa, mimi na ziwa nje?" Wakazidi kurudisha nyuma, na kicheko kikapungua, mpaka msichana mmoja akauliza bila ubaya wowote, "Na huyu mwenye kipara ni nani?"

Fauzia alikuwa nyuma yake. Akaiona. Loo! Dama alitamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake. Aliipokonya ile kamera, akafuta picha ya Fauzia, ya kwanza na ya pili, kisha za wengine zote, huku akisema, "Niwieni radhi, nimefuta, wallahi nimefuta, tazameni."

"Tunakuamini," Bi Kibibi akasema, kwa upole uliomkata Dama kuliko tusi.

"Naweza kuiwekea sauti," Dama akasema haraka. "Ina sauti, ni ya kuwekwa tu. Sikilizeni." Akabonyeza hapa na pale, na kamera ikatoa mlio mwembamba, tii.

Bi Kibibi akaisikiliza, akatikisa kichwa. "Ya kuwekwa ni ya kuondolewa, mwanangu."

Hakuna aliyemfukuza. Pwani hatumfukuzi mgeni. Alivutiwa kiti, akaletewa sahani ya pilau na kachumbari, akaambiwa karibu. Lakini alipoinua macho, mwanamke aliyekuwa ananyonyesha amejifunika leso. Wa pembeni yake amevaa buibui. Kisha mwingine, na mwingine, bila neno, bila kumtazama, mpaka Nusra mwenyewe, bibi harusi na hina zake, akashushiwa shela usoni. Ukumbi mzima ulijitanda kana kwamba ameingia mwanamume, na mwanamume mwenyewe alikuwa yeye. Taarabu iliendelea kwenye spika na hakuna aliyeinuka kucheza.

Dama aliona haya hata kutafuna. Akataka kuondoka, ndipo Fauzia akaja akakaa ubavuni pake, mtandio ameufunga kwa pini mbili.

"Nisamehe, shoga yangu," Dama akasema.

"Ile picha ilikuwa nzuri," Fauzia akasema. "Niliiona. Sijajiona mzuri tangu Ramadhani."

"Nimeifuta."

"Najua umeifuta. Ungeniuliza, Dama, ningekugeukia nikakutazama, ukanipiga. Nilikuwa nataka wanangu wabaki na moja."

Akainuka, akaenda kukaa na wenzake.