Pete ya Tochi ya Baba

Baba alipofariki, nguo zake ziligawanywa kama ilivyo desturi, na mama hakubishana na mtu. Alichokatalia ni tochi tu. Aliitumia kila alfajiri kwenda kukamua, na sisi watoto wake tulikatazwa kuigusa.

Lakini pete ilikuwa imekwama, ile ya shingoni ambayo ukiizungusha mwanga unaongezeka au unapungua. Ilikuwa imeganda kwenye mwanga hafifu kabisa, na mwezi uliopita mama alitumbukia mferejini akielekea zizini, akateguka mguu. Mimi ni mwalimu wa fizikia huko Nyaramba, na kiburi changu nakijua. Nawezaje kufundisha msuguano darasani huku msuguano unamwangusha mama yangu?

Ijumaa moja alipobeba majani kwenda kituo cha chai, nikaichukua. Nilikuwa na saa mbili hivi. Jua likizama Sabato inaingia, na kwa mama hapo hakuna bisibisi wala ungo unaoguswa. Nilikaa ukingoni mwa turubai alikoanika wimbi, kwa kuwa ndiko nilikoachwa nifukuze kuku. Ndiyo, najua. Msiniambie.

Nilifungua kichwa cha tochi, nikachokonoa kipete cha waya kinachoizuia pete isitoke, nikaivuta. Ndani mlikuwa na utando mweusi, mzito. Nikaunusa: mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe! Kumbe baba aliilainisha pete kwa mafuta yaliyobaki vidoleni, miaka nenda miaka rudi, nayo yakashika vumbi na makapi hadi yakawa gundi. Nilicheka peke yangu. Nikachovya kitambaa kwenye spiriti, nikasugua.

Nilichosahau ni kwamba chini ya pete ile hukaa springi na gololi moja ndogo, ndiyo inayolia tik kila hatua. Mafuta ya baba yalikuwa yameishikilia. Nilipoyafuta, springi ilifyatuka ikaangukia sketi yangu. Gololi ikarukia kwenye wimbi.

Gololi yenyewe ilikuwa saizi ya punje ya wimbi.

Nilipiga magoti nikapapasa, nikatawanya, nikajitukana. Sumaku ziko shuleni, kabatini. Bila gololi ile pete haishiki mahali, na tochi ya baba imekufa mkononi mwangu. Kisha nikasikia kikohozi cha mama langoni. Nilikimbilia jikoni nikakitupa kile kitambaa motoni, kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

“Umeifungua,” mama alisema. Hakuwa anauliza.

Nilimweleza yote. Aliangalia turubai, akaangalia jua, lililokuwa limebakiza shubiri moja kufika kilimani.

“Ni nzito?”

“Ni ya chuma, mama.”

“Lete ungo.”

Alipepeta akiwa amesimama kwa mguu wake mzima, ungo baada ya ungo wa wimbi, bila kunitazama. Kwenye ungo wa mama kilicho chepesi huenda mbele na kilicho kizito hubaki nyuma karibu na tumbo lake. Kilibaki kijiwe. Kikabaki kijiwe kingine. Kwa jirani walishaanza wimbo wa kufungua Sabato, na mimi nilikuwa nakinga gunia. Nilijua akimaliza bila kuipata hatanisamehe, hata akisema amenisamehe.

Wimbi ulikuwa umebaki wa ungo mmoja tu aliposimamisha mikono. Alilamba kidole, akagusa kitu, akakinyoosha kwangu. Gololi iling'aa kwenye ncha ya kidole chake.

Nilipaka grisi ya silikoni niliyonunua Kisii kwa fundi wa saa, nikarudisha springi, gololi, pete, kipete. Tik, tik, tik. Mwanga ukajaa ukutani.

“Sasa hutaanguka tena,” nikasema, nikijisikia nimemaliza mtihani.

Aliizungusha mara moja, akaipeleka puani. Akainusa tena.

“Hainuki kitu,” alisema. “Ilikuwa inanuka mikono ya baba yako.”

Aliishusha, akanitazama.

“Ulifutia nini?”

“Kitambaa.”

“Kiko wapi?”

Nilitazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni, naye akautazama. Jua lilikuwa limezama. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

Alfajiri nilimfuata zizini, nikasimama mlangoni asinione. Alikamua mpaka mwisho. Kisha, vidole vikiwa bado na mafuta, akaichukua tochi akaishika shingoni, akaizungusha ile pete mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole, mwanga ukipanda na kushuka juu ya mgongo wa ng'ombe. Nilijua itakwama tena. Nikarudi nyumbani kimya kimya.