Mkono Alioufunga Mama

Nilizaliwa na mashoto, na mama yangu hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Kila tulipokaa kula alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga, hadi wa kulia ukazoea kumega tonge. Nililia, nikamchukia, nikazoea. Sasa nafundisha Kiingereza Muheza, na ubaoni naandika kwa mkono wa kulia, mwandiko kama kuku kapekua.

Masika haya mama alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa ganzi. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda nyumbani Lushoto kumuuguza. Nilimkuta amekonda hadi bangili zinamvuka. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Nikamshikisha kijiko, akakiachia kikaanguka mkekani.

“Huu ni mkono wa chooni,” akasema, ulimi mzito.

Nikajitia ualimu. Nikamweleza niliyosoma kwenye kamusi nene ya shuleni: kwamba “left”, yaani kushoto, hapo kale lilimaanisha dhaifu, kitu kisicho na faida, kwamba Waingereza nao waliudharau mkono huo, na leo wanashikia uma na hawadhuriki. Mama akanisikiliza hadi mwisho.

“Basi wapelekee wao huu ugali.”

Sheikh wa msikiti wetu akaja kumjulia hali, akamwambia mgonjwa ana ruhusa. Mama akamshukuru, akamwombea dua, na hakula. Ikabaki nimlishe mimi. Tonge tatu, nne, kisha anageukia ukuta, maana kulishwa nako anaona aibu. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha Ijumaa, na nilijiona sina maana kabisa. Kamusi yote ile, na mama yangu anakufa njaa mbele ya sahani.

Alhamisi nilitoka kuchuma mnavu nyuma ya nyumba. Niliporudi, ugali ulikuwa umemegwa pembeni, na vidole vyake vya kushoto vina mchuzi.

“Umekula, mama!” Nilitaka kuruka kwa furaha.

Yeye alikuwa analia. “Njaa imenishinda, mwanangu. Chukua kanga ile unifunge.”

Nikakataa. Akanitazama vile vile alivyonitazama utotoni, na mimi, mwalimu mzima, nikachana kanga. Nilimfunga mkono kifuani kwa fundo legevu, ili njaa ikimshinda tena auchomoe. Akainama, akalishika fundo kwa meno, akalivuta hadi likakaza.