Mwalimu wa Kifaransa Aliyeachwa Kwenye Pasi

DIANI, 1974 — Saa moja na nusu asubuhi, mvuke umejaa chumba cha dobi nyuma ya hoteli moja ya ufukweni. Chiku Chande ananyanyua shati la mgeni mbele ya wahudumu watatu na Tsuma, karani mpya wa mapokezi.

"Shati lake huyu bwana. Tsuma?"

"Son chemise."

"Umeamka kweli wewe? Sa chemise! Kwao shati ni la kike; usimtazame bwana, litazame shati. Kwetu husemi shati lake, kiatu chake? Kitu ndicho kiamuacho. Mwenyewe mpita njia tu."

Wenzake wanaangua kicheko. Tsuma anainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu."

Ana haya, na inampasa. Kazi aliyopewa ndiyo aliyoiomba Chiku.

Chiku, mzaliwa wa Msambweni, aliishia darasa la nne. Kifaransa alianzishwa na bibi mmoja Mfaransa, mgeni wa hoteli, aliyebabuliwa na jua, akashinda wiki tatu kivulini. Mengine ameyaokota kwa miaka sita, kwenye vikaratasi ambavyo wageni hubandika juu ya mafurushi ya nguo zao.

Mwezi uliopita hoteli ilitafuta mtu wa kuwapokea Wafaransa. Meneja alimpima Chiku mbele ya wageni. Walimpigia makofi.

"Kisha akaniuliza cheti," asema, akiigandamiza pasi kana kwamba shati limemkosea. "Nikamwambia, cheti si hao wanaopiga makofi? Akaitazama mikono yangu hii yenye makovu ya pasi. Ati dobi hakai mbele."

Kazi akapewa Tsuma mwenye cheti, kwa shilingi 480 kwa mwezi. Chiku alibaki na 210 zake, na juu ya hayo akaamriwa amfundishe.

"Miaka kumi na mmoja bendera yetu iko juu, na mimi bado napitia mlango wa nyuma! Mwanafunzi akae kitini, mwalimu afue soksi?"

"Dada Chiku, mimi sikuomba unyimwe kazi," Tsuma anong'ona.

"Najua, baba. Wewe huna kosa. Wala huna Kifaransa."

Jumamosi inatua ndege yenye Wafaransa sabini. Chiku ameomba likizo yake kuanzia siku hiyo hiyo, na karatasi imeshatiwa sahihi. Meneja hakuangalia tarehe.

"Nitakuwa kwa mama, Msambweni, napalilia mihogo. Akinihitaji atume gari. Nitakuja, ila nitashukia mlango wa mbele, na barua ya kazi niisome kwanza."