Wazimamoto Tuliovaa Buti

Katika jengo letu la mtaa wa Umbilo, huku ugenini, moto ulikuwa mgeni wa kila mara. Tulipikia majiko ya mafuta ya taa, na yale majiko hayakutaka kupuuzwa. Ukiyapa kisogo ukapiga soga mlangoni, unarudi unakuta pazia halipo. Zimamoto wa mji walikuwepo, na wakiitwa walikuja, sikatai. Shida ni kwamba gari lao likifika, polisi nao walipenda kuja kutazama, na polisi akishaingia kwenye jengo lililojaa Watanzania na Wakongo, atauliza tu makaratasi ya kuishi nchini. Kwa hiyo watu walikuwa radhi godoro liteketee kuliko kupiga simu.

Ndipo tukaunda zimamoto yetu wenyewe. Mkuu alikuwa mtu wa Tanga aliyelinda magari huko Glenwood, mtu mzima, mpole, anayependa mambo yanyooke. Chini yake alikuwepo kinyozi mmoja wa Bukavu, na mimi, niliyeendesha kibanda cha simu pale chini ya jengo. Mimi nilipewa ndoo ya mchanga kwa sababu, alivyosema mkuu, wanawake tuna mizani. Mizani ya nini, hakufafanua. Mwito wetu ulikuwa sufuria: anayeona moto aende dirishani, agonge sufuria kwa mwiko, nasi tutapanda.

Sasa mkuu akasema zimamoto bila sare ni genge la wahuni. Akatuletea ovaroli za bluu za mtumba, kofia zenye beji ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, na buti nyeusi nzito. Yeye mwenyewe akajivika filimbi shingoni. Kinyozi alipojiona kwenye kioo cha saluni yake alirudi nyuma hatua, akasema amejishtukia. Tulimcheka sana. Mkuu akatufundisha kupanda ngazi kwa pamoja, mguu kwa mguu, na jengo zima likawa linatetemeka tukipita.

Wito wa kwanza ulikuwa wa Mtanzania wa ghorofa ya kwanza, samaki wake walikuwa wameshika moto. Tulifika tukakuta mlango wazi, kikaango kinawaka, dirisha limefunguliwa na mwenye samaki hayupo. Tukazima. Wito wa pili ulikuwa wa familia nzima. Tulikuta chai bado ya moto vikombeni na kiatu kimoja cha mtoto katikati ya sebule. Kila tulikopita korido ilikuwa tupu, milango imefungwa, redio zimezimwa. Mkuu alifurahi mno. Alisema hii ndiyo nidhamu, watu wamejifunza kuupisha moto na kuwapisha wanaouzima. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilitembea kifua mbele.

Basi Jumamosi moja mchana, jirani akagonga sufuria. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa mama mmoja mshonaji, Mkongo wa Uvira, aliyeishi peke yake na pumu yake ghorofa ya tatu. Tukapanda mguu kwa mguu. Mkuu akapuliza filimbi, akaubamiza mlango kwa ngumi, akaamuru kwa Kiingereza ufunguliwe mara moja.

Kimya. Akabamiza tena. Ndani mtu akakohoa, kikohozi cha kuzibwa na nguo, kisha kimya tena.

"Yumo," nikasema.

"Kama yumo mbona hafungui?" mkuu akauliza. Akapuliza filimbi mara nyingine, kana kwamba mama yule alikuwa hajaisikia ile ya kwanza iliyosikika mpaka bandarini.

Kinyozi akaitazama kofia ya mkuu, akaitazama yake mikononi. "Eish, chef," akamwambia mkuu polepole. "Atafungua namna gani? Polisi ni sisi."

Nilimtazama mkuu, ovaroli, beji, filimbi, na nikaona kile ambacho jengo zima lilikuwa likikiona wiki zote zile. Kicheko kilinishika pale pale kwenye moshi, kisha kikakatika, maana kikohozi cha ndani nacho kilikuwa kimekatika. Niliogopa kweli. Nikampiga mkuu kikumbo, nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Hodi, mama. Ni mimi, yule dada wa simu. Hodi."

Kitasa kikazunguka. Moshi ulitoka kwanza, halafu mama. Alikuwa amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, na koti la baridi juu yake, soksi, viatu vya kanisani, kilemba kimefungwa vizuri. Mkononi ana mfuko wa dawa. Jasho lilimtiririka kama amemwagiwa maji. Wanaume wakapita wakazima ubao wa kupigia pasi na pazia vilivyokuwa vikiwaka; mimi nikamwaga mchanga wangu kwenye jiko na kwa bahati mbaya kwenye sufuria ya maharagwe. Maharagwe ndiyo yaliyomuuma. Alinisema kwa hayo kabla hajapata pumzi sawasawa.

"Mama, hizi nguo zote za nini?" nikamuuliza tulipomketisha koridoni.

"Nilizani ni bale batu ba makaratasi," akasema. "Bakikubeba, banakuacha na ile iko ku mwili tu. Nikasema nivale yote."

Mkuu alikuwa amechuchumaa mbele yake, kofia kaificha nyuma. "Lakini mama yangu, ungekufa mle ndani."

Mama akamtazama bila hasira. "Moto haiwezi kunirudisha kwetu, baba."

Mkuu aliinuka. Alivua ile filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akaenda kufungua madirisha yote ya korido, hata yale yaliyokuwa wazi. Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, watu wakatoka na maji ya kunywa na maneno ya kutusimanga, na tuliyastahili.

Mama alikaa pale mpaka jioni, mimi nampepea kwa kifuniko cha sufuria. Kila nilipomsihi avue japo koti, alikataa kwa upole. Alisema tungoje kidogo, pengine benyewe ba makaratasi bado iko njiani.