Shimo Moja la Lemon Gaba

Siku yangu ya kwanza kazini Juba, miaka ile ya mkataba wa amani, Mhandisi Mkuu alinipokea ofisini, mtaa wa Thongpiny, akanivisha hedifoni na kusema, "Fundi, sisi hatuchimbi visima kwa kubahatisha. Sikiliza mwamba."

Vijana wa leo hamtaamini. Chombo chetu kilinasa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, yaliyorushwa na mitambo ya ng'ambo. Mawimbi hayo hupenya ardhini. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, lakini uliopasuka na kushika maji huupitisha, na hapo mawimbi huinama. Basi unatembea mstari ulionyooka, kila hatua kumi unasimama, unainamisha chombo mpaka mlio ufifie masikioni, unasoma pembe, unaandika. Watu walidhani nasikiliza mpira.

Mtaa wa Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, tulikuwa na ruhusa ya shimo moja tu, na mtambo wa kuchimba ungeondoka kesho yake jioni. Kina mama wa pale walifuata maji mbali mno. Mstari wa kwanza tu, pembe ikaruka ajabu! Nikapigilia kigingi cha pa kuchimba, nimevimba kichwa kama bwana harusi.

Mama Kiden, jirani wa kiwanja kile, akatua jerikeni lake tupu.

"Ya fundi, hapa moya mafi. Maji hapana. Zamani hapa iko kambi ya askari. Waya ya fensi yote walifukia chini."

Mhandisi Mkuu akacheka. "Mama, mashine haidanganyi."

Kweli haidanganyi, ila waya nao hupitisha umeme. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuwa nimeuliza! Nikaazima jembe, nikachimba kidogo tu, nikakuta seng'enge yenye kutu. Nikapima upya, mbali na kambi ile, hadi alasiri, nikapata mwinamo mdogo wa kutia aibu.

Mhandisi akautazama. "Shimo likiwa kavu, kina mama utawaeleza wewe."

Kesho yake tulichimba pale penye mwinamo mdogo, na maji yaliporuka, nililia mbele za watu. Sioni haya kusema.

Kwenye ripoti niliandika kwamba maji yaligunduliwa kwa mawimbi ya redio. Mhandisi akatia saini. Sasa nimestaafu, niko kwangu Machakos, na sentensi ile bado inanichoma. Chombo kishikeni, vijana, lakini kabla ya kukiwasha mwulizeni mwenye jerikeni. Nami ripoti yangu naisahihisha leo: palipoandikwa jina la mpimaji, kabla ya langu, wekeni Mama Kiden.